Kesi ya 1997 haimo kwenye kompyuta

Mteja akiingia saibani kwangu, duka langu la kompyuta na intaneti, na neno "korti" mdomoni, najua kinachofuata. Ataelekeza kidole kwenye skrini aseme, "Hebu nifungulie kesi yetu hapo niione." Amesikia kwamba mahakama zimehamia mtandaoni, na hajadanganywa. Tangu tarehe 11 Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alipozindua mfumo huo kwa nchi nzima, kesi mpya zinafunguliwa kwa kompyuta hata na sisi tulio huku Kinango, kaunti ya Kwale. Nimewafungulia watu akaunti, nimewaskania viapo, nimewaonyesha jinsi ya kulipa ada kwa M-Pesa bila kupanda gari.

Lakini kesi iliyoamuliwa Moi angali rais haikupanda mtandaoni yenyewe. Imo ndani ya jalada la manila, imefungwa kwa kamba, iko kwenye rafu ya jengo fulani. Kazi ni kujua jengo lipi, rafu ipi.

Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuyarudia kaunta, na kwa sababu ya wale vijana wanaosimama nje ya malango ya korti wakijidai wana "mtu wa ndani". Wanachukua hela ya mzee aliyeuza mbuzi, kisha wanaenda dirisha lilelile ambalo mzee angeenda mwenyewe. Ukinisoma hadi mwisho, huyo kijana humhitaji.

Shika hili kabla ya yote: rejistri, yaani ofisi ya korti inayotunza faili, haitafuti kwa jina la marehemu babu yako, wala kwa hadithi ya namna mlivyodhulumiwa. Inatafuta kwa namba na mwaka. Ukifika dirishani useme "ile kesi ya shamba la Mzee Ruwa," karani atakutazama tu, maana rejista zake ni vitabu vikubwa vilivyopangwa kwa mwaka, na ndani ya mwaka kesi zimefuatana kadiri zilivyofunguliwa. Jina limo, ndiyo, lakini kulipata bila mwaka ni kusoma vitabu vyote. Ukimpa namba, mwaka na aina ya kesi, umeshamfanyia nusu ya kazi.

Na namba hiyo mara nyingi haiko kortini. Iko nyumbani. Ndiyo maana mtu akija kwangu simwambii panda gari uende Kwale. Namwambia rudi nyumbani, fungua kasha, mkebe, begi la marehemu, mto wa kitanda ikibidi. Lete kila karatasi yenye muhuri. Samanisi ya kuitwa shahidi ina namba juu kabisa. Risiti ya ada ina namba. Barua ya wakili wa upande wa pili, ile mliyoitupa pembeni kwa hasira, ina namba kwenye kichwa chake. Hata notisi ya dalali.

Nyumbani pakikosa, kuna ofisi ya ardhi. Kama shamba lina hati na korti iliwahi kutoa amri juu yake, huenda amri hiyo iliandikwa kwenye kadi ya shamba pale masijala ya ardhi, pamoja na namba ya kesi. Utafutaji rasmi wa hati ni wa kawaida kabisa, unalipia na unapewa majibu kwa maandishi. Ukiona neno la zuio au amri ya mahakama hapo, nakili ulivyoona, herufi kwa herufi.

Kwa mirathi kuna njia nyingine ambayo watu hawaijui, nami naipenda kwa sababu inafanyika hapa hapa kwenye kiti. Kabla ya mahakama kutoa hati ya kusimamia mali ya marehemu, sharti notisi itoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Gazeti hilo hutoka Ijumaa, na matoleo ya miaka mingi ya nyuma yamewekwa mtandaoni bure, kwenye tovuti ya Kenya Law na hata kwenye Google Books. Notisi inataja jina la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, mwaka aliofariki, jina la aliyeomba usimamizi, mahakama na namba ya kesi. Nimeshamwonyesha bwana mmoja jina la babake likiwa gazetini miaka mingi nyuma, na mwombaji ni ami yake aliyekuwa akiapa kwa Mola kwamba hajawahi kukanyaga korti.

Tahadhari ni moja: majina yetu. Karani aliyetoka bara, au mpiga chapa wa Nairobi, aliandika alivyosikia. Ndurya utamkuta Nduria. Ruwa amekuwa Luwa. Chirima naye unaweza kumkuta ameitwa Kirima, ukadhani ni mtu wa Murang'a. Mimi huandika jina kwa kila namna ninayoweza kulikosea, kisha naongeza Kinango, halafu Kwale, halafu jina la lokesheni. Na usitafute jina la marehemu tu. Tafuta la mwombaji pia, maana huyo pengine alijaza fomu mwenyewe na jina lake likaandikwa sawasawa.

Kenya Law hiyohiyo ina hukumu pia, bure, bila hata kufungua akaunti. Nyingi ni za Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Rufani na ile ya Juu. Kesi za mahakimu za zamani hutazipata humo, lakini usikate tamaa upesi: kama aliyeshindwa alikata rufaa, hukumu ya jaji huanza kwa kutaja kesi ya chini ilikotoka, mahakama gani, namba gani, mwaka gani. Basi unaingilia mlango wa juu unatokea wa chini.

Sasa jengo. Hapa ndipo watu wa Kwale tunapochanganyikiwa, na hatuna kosa. Korti ya hakimu iko Kwale mjini, nyingine iko Msambweni, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi siku hizi inakaa Kwale. Lakini mahakama hiyo imeundwa kwa sheria ya 2011, na kuja kwake Kwale ni jambo la miaka ya karibuni. Kesi kubwa ya ardhi ya kabla ya hapo, shamba likiwa Kinango, Lunga Lunga au Diani, ilisikilizwa Mombasa. Mirathi nayo ni hivyo. Hadi sheria ya mahakama za mahakimu ya 2015 ilipoanza kazi Januari 2016, hakimu alikuwa na ruhusa ya kushughulikia mirathi isiyozidi thamani ya shilingi 100,000. Ukiwa na shamba la ekari chache na ng'ombe, umeshapita hapo, kwa hiyo faili ilienda Mahakama Kuu, Mombasa. Leo hakimu mkuu anaweza kwenda hadi milioni 20, ndiyo maana mirathi mpya unaikuta karibu. Na kama familia ni Waislamu na mambo yalimalizwa kwa kadhi, rejista ya kadhi ni nyingine, hata kama madirisha yanatazamana.

Zipo pia zile herufi zinazokaa mbele ya namba ya kesi. RMCC ni kesi ya madai mbele ya hakimu mkazi, PMCC ni ya hakimu mwandamizi, SPMCC yuko juu yake, CMCC ni hakimu mkuu. Kituo kinaweza kupandishwa daraja na herufi zikabadilika, ilhali jengo ni lilelile. Kwa hiyo namba 40 ya RMCC na namba 40 ya SPMCC si faili moja hata kidogo. Zinakili zote.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu kidogo, kwa sababu aina hii ya kesi imejaa huku kwetu na hakuna anayeieleza.

Mama mmoja wa huku ndani, mjane, alikuja na mkebe wa mafuta ya kupikia. Mtoto wa shemejiye alikuwa ameanza kukata shamba vipande na kuuza, na kila akiulizwa anajibu, "Korti ilishatupa sisi." Mama alikumbuka kesi ilikuwepo, mumewe alikuwa akienda na kurudi. Mimi nikamuuliza alikuwa akienda wapi. "Kwa wazee," akasema. "Lakini mwisho walisema ni korti."

Hapo nikajua. Kati ya sheria ya 1990 na ile ya 2011 iliyoifuta, kulikuwa na mabaraza ya migogoro ya ardhi. Wazee walikaa, wakasikiliza mambo ya mipaka, ya nani alime wapi na nani kavamia, wakaandika uamuzi. Mwenyekiti aliupeleka uamuzi ule kwa hakimu, na hakimu akauandika kuwa hukumu ya mahakama. Yaani shauri ni moja lakini makaratasi yana sehemu mbili: ya wazee na ya korti, kila moja na namba yake. Ukienda kutafuta kwenye rejista ya kesi za kawaida za madai huenda usiione, kwa sababu vituo viliziweka pembeni. Inabidi useme waziwazi kwamba unatafuta uamuzi wa baraza la ardhi uliosajiliwa kortini.

Ndani ya mkebe tulikuta samanisi iliyokunjwa mara nne. Mchwa walikuwa wamepita kwenye mkunjo na kula mwaka wote. Namba imebaki, majina yamebaki, mwaka hakuna. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Muhuri wa mpira ulikuwa umegongwa kinyume pembeni, wino umefifia kama chai, lakini ukiukodolea macho unasoma MAR 1997. Tukaandika 1997, na chini yake nikaongeza 1996, kwa sababu kesi ya Novemba inaweza kuitwa mara ya kwanza Machi.

Pale dirishani mama alitoa kitambulisho, akatoa barua niliyompigia chapa, karani akashusha vitabu viwili. Kesi ilikuwa ya 1996. Mama akalipia ada ya kusoma faili, ikaletwa, akaketi kwenye benchi nami nikimsomea. Kurasa za kwanza zilikuwa za wazee: mwandiko wa kalamu ya bluu, alama za vidole gumba vya zambarau, na ramani iliyochorwa kwa mkono. Mstari kutoka kijito hadi mbuyu, upande huu wa marehemu mumewe, upande ule wa kakaye. Nyuma yake ukurasa mmoja wa hakimu, mistari isiyofika kumi, kwamba uamuzi wa wazee umekubaliwa kuwa hukumu ya mahakama. Kwisha. Hakuna popote palipoandikwa kwamba upande mmoja umepewa shamba lote.

Mama aliutazama ule mchoro, akasema, "Huo mbuyu ndipo ninapofunga mbuzi."

Sitaki mtu adhani kwamba hapo mambo yaliisha. Faili ilionyesha kwamba hakuna aliyerudi kuomba hukumu itekelezwe, wala haikufikishwa ofisi ya ardhi. Sheria ya Kenya inaipa hukumu miaka 12 ya kutekelezwa, kisha muda umepita. Zaidi ya hayo, maamuzi mengi ya mabaraza yale yalibatilishwa na majaji kwa sababu wazee walivuka mamlaka yao wakaanza kugawa ardhi yenye hati, kwa hiyo ni lazima kuangalia kama kuna faili nyingine Mombasa iliyoifuta hii. Hayo si ya saiba. Nilimwelekeza kwa Kituo cha Sheria, Mombasa, ambako wanasaidia wasio na uwezo wa wakili. Lakini alikwenda na nakala iliyothibitishwa mkononi, si na mkebe. Na yule mtoto wa shemejiye, alipoambiwa mbele ya mzee wa kijiji aonyeshe ya kwake, hakuwa na kitu.

Tuseme umefika dirishani na namba unayo. Unachoomba ni vitu tofauti na bei yake tofauti, kwa hiyo jua unachotaka. Kusoma faili ni ada ndogo, unasoma palepale mbele ya karani, na unaruhusiwa kunakili kwa kalamu. Nakala iliyothibitishwa hulipiwa kwa ukurasa, nayo ndiyo yenye muhuri na saini ambayo ofisi ya ardhi, benki au korti nyingine itaikubali. Fotokopi tupu haitakufikisha mbali. Mwenendo wa kesi, yaani yote yaliyosemwa na mashahidi, ni habari nyingine: mahakimu wa zamani waliandika kwa mkono, na mtu wa kuandika kwa mashine lazima akae ayasome maandishi yale. Hapo jiandae kungoja. Ada zimebandikwa ukutani kwenye bango la huduma; zisome kabla hujafungua pochi. Mahakama hazipokei pesa taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unabaki na ujumbe. Yeyote anayekwambia "nipe mkononi nitalipia" anajilipia yeye.

Wakati mwingine utaulizwa, "Wewe ni nani katika kesi hii?" Usipandishe sauti. Karani ana sababu: kuna faili ambazo si za kila mtu, kama za watoto, za kuasili, na za makosa ya kingono ambako jina la mwathiriwa linalindwa. Kama faili yako si ya namna hiyo, eleza kwa upole wewe ni mjane, mtoto au jirani wa mpaka. Ukiendelea kukataliwa, kuna Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inakupa wewe raia haki ya kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na haki hiyo haipungui kwa sababu ya lengo lako au kwa vile afisa anavyolidhania. Mtu asiyejua kuandika anaomba kwa mdomo na afisa anamwandikia. Kuomba kwenyewe hakutozwi. Unacholipia ni gharama ya nakala. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Mimi huwa sianzi na sheria hii. Naiweka mfukoni. Barua ya heshima yenye namba sahihi imefungua madirisha mengi kuliko vifungu.

Kuhusu "faili haionekani." Nimeisikia kwenye mahakama moja ya huku Pwani ambayo jina lake naliweka kando. Haina maana moja. Inaweza kuwa imepelekwa kwenye rufaa na haikurudishwa. Uliza kitabu wanachoandika faili zinapotoka. Inaweza kuwa imehamishwa kituo. Inaweza kuwa iliteketezwa kihalali, maana kuna sheria ya kuondoa kumbukumbu za zamani za korti. Inaweza pia kuwa imekaliwa na mtu, na sote tunajua hutokea. Kwa vyovyote vile omba jibu kwa maandishi. Faili ya kesi inayoendelea ikipotea kweli, mahakama inaweza kuagiza iundwe upya kutokana na nakala za pande zote mbili na za mawakili, na hapo ule mkebe wa nyumbani unakuwa na thamani kuliko unavyodhani. Kuna pia Ofisi ya Mpokea Malalamiko ya Mahakama, ambayo mtu anaiandikia hata kwa barua pepe. Barua ya aina hiyo niliwahi kuiandika kwa niaba ya mzee mmoja, na faili ikaonekana. Ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati, waliniambia. Haya.

Ukiwa na kesi iliyoamuliwa juzi tu na unafikiria rufaa, basi acha kusoma hapa uende leo. Kutoka kwa hakimu kwenda kwa jaji, kwa kesi ya madai, una siku 30. Kutoka kwa jaji kwenda Mahakama ya Rufani, barua ya kuomba mwenendo wa kesi lazima iingie ndani ya siku 30 na upande wa pili upewe nakala, ndipo siku zinazopotea kwa kuandikwa mwenendo zisihesabiwe dhidi yako.

Barua ninayowachapia watu ni hii (dikrii iliyotajwa humo ni amri rasmi inayotokana na hukumu). Inakilini, haina malipo:

"Kwa Naibu Msajili (ikiwa ni kwa hakimu, andika Msimamizi wa Mahakama). Mimi, ____, mwenye kitambulisho namba ____, naomba kuisoma faili ya kesi ____ namba ____ ya mwaka ____, kati ya ____ na ____. Naomba pia nakala zilizothibitishwa za hukumu na dikrii. Uhusiano wangu na kesi hii ni ____. Niko tayari kulipa ada inayotakiwa. Napatikana kwa simu namba ____."

Chapisha mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke dirishani kabla haujagongwa.